Nguruwe Mia Sita wa Banda la Zamani

Verner Odgaard hakuzoea kusema uongo, na asiyeuzoea huona cha mtema kuni siku akiusema. Mwongo hodari hula akashiba, hulala akakoroma. Verner, tangu mwezi wa pili, kila akipita mbele ya banda lake la zamani aliangalia chini kama mtoto aliyevunja sahani ya mama yake.

Banda lenyewe lilisimama palepale nyuma ya nyumba, kuta nyeupe, milango imefungwa. Ukipita barabarani ungedhani limejaa. Kumbe ndani hamkuwa na nguruwe hata wa dawa. Sakafu ilipasuka vuli iliyopita, wanyama wakauzwa, na Verner akaegesha humo karavani lake la likizo, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Majirani hawakujua. Huko Thy, kaskazini-magharibi mwa Denmark, mtu haingii zizi la mwenzake hivihivi. Lazima uoge kwanza, uvae ovaroli na buti za mwenyeji, usije ukamletea maradhi. Na anayepunguza mifugo hapigi mbiu.

Kosa lilikuwa karatasi moja tu. Denmark nzima, kila dawa anayoiandika daktari wa mifugo huingia katika rejista ya taifa, chini ya namba ya shamba lako. Rejista huzichukua dawa hizo ikazigawanya kwa nafasi za wanyama ulizosema unazo. Ukizidi kiwango unaletewa barua. Watu waliiita kadi ya njano, kama ile ya mpira, na aliyeipata ana miezi tisa ya kujirekebisha huku wakaguzi wakiingia na kutoka zizini mwake. Wala serikali haikukosea. Antibiotiki zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea, na siku mtu akiugua kweli dawa haifui dafu. Verner mwenyewe aliliunga mkono jambo hilo, tena hadharani.

Sasa banda likibaki tupu, mwenye shamba hutakiwa kuandika: ondoeni nafasi mia sita. Verner akasema ataandika wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Mwezi wa pili akafungua rejista kwenye kompyuta, akakuta namba yake ya dawa imeshuka chini kuliko ya mtu yeyote anayemjua, na hali watoto wa nguruwe waliobaki walikuwa wakiharisha na yeye akiwamiminia dawa kuliko mwaka uliopita. Nguruwe mia sita wasiokuwepo walikuwa na afya njema mno! Hawakuharisha, hawakukohoa, na mgawanyo wa dawa ulipofika kwao walipokea fungu lao kimyakimya wakamstiri bwana wao. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakuwajua nguruwe wa Verner.

Alijua papo hapo kwamba uvivu umeisha na udanganyifu umeanza. Akafunga kompyuta, akaenda kunywa kahawa.

Mwezi wa tano kikundi cha wafugaji kilikutana nyumbani kwake. Walikuwa na desturi ya kuzungukiana, wanakula mikate midogo na jibini, halafu kila mmoja anaweka namba zake mezani wenzake wamkosoe. Jytte, mkewe Verner, alioka keki ya matabaka. Holger, mwenyekiti wao, mtu wa mdomo, akazionyesha namba ukutani, akapiga mluzi.

"Jamani, tazameni huyu bwana! Sisi tunahangaika, yeye nguruwe wake wanaishi kwa maji na sala!"

Watu wakapiga meza. Verner akasimama, masikio yanamuwaka. Alitaka kusema kweli, mbingu ni shahidi, na alianza kuisema.

"Msinisifu," akasema. "Namba hiyo si sahihi. Mimi sikufanya chochote."

Wakaangua kicheko. "Huyo ndiye Verner wetu!" Holger akapaza sauti. "Mwingine angekuwa ameshapandisha bendera bustanini kusherehekea!"

Kwa watu wa Thy, kujisifu ni aibu kama kutema mate mezani. Aliyevuna akajaza ghala husema amepata kidogo. Aliyejenga nyumba ya maana husema ni kibanda cha kujikinga na upepo. Basi ukweli wa Verner ulipotoka, wakauona ni adabu. Angeweza kurudia. Angeweza kusema, "Enyi watu, banda lile ni tupu." Mdomo alikuwa nao. Badala yake akakaa, akajikatia kipande cha pili cha keki, na keki ya Jytte, ambayo alikuwa akiipenda miaka thelathini, ikamshinda kumeza.

Mwezi wa nane akaja Maiken.

Maiken Kjeldgaard alikuwa jirani wa shamba la pili, binti wa Laust. Laust na Verner walikuwa chanda na pete, na Maiken alipobatizwa ni Verner aliyesimama kanisani kuwa baba yake wa ubatizo. Laust alifariki miaka minne nyuma. Binti akalishika shamba peke yake, wanaume wa kijiji wakitabiri hamalizi mwaka. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na aliwamalizia minne.

Aliingia chumba cha kuvulia buti bila kubisha, akatupa bahasha juu ya mashine ya kufulia.

"Haya mzee, nimelambwa kadi ya njano."

"Wee!"

"Wee nini? Soma mwenyewe. Miezi tisa. Na benki wameshanipigia kuniuliza kwa sauti tamu kama sijafikiria kuuza." Akajikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Verner, mimi na wewe tunanunua chakula kwa mtu mmoja. Nguruwe wetu ni ukoo mmoja. Daktari wetu mmoja, Aase. Mimi nimevuka mstari, wewe uko chini kabisa. Unafanyaje?"

"Hakuna la ajabu."

"Aa, usiniletee unyenyekevu! Huo peleka kwenye kikundi. Mimi ni mtoto wako, niambie."

Dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa chake, na ndani ya dirisha lilionekana banda. Verner alikuwa na kazi ya kunyoosha kidole tu. Lakini alimtazama yule binti, macho ya Laust yaleyale, yanamwamini kiasi cha kumuudhi, akaona haya. Na haya za mtu mzima ni mbaya, maana hajui kuzililia.

"Majani makavu mengi," akasema. "Sakafu isilowe. Usichanganye ndugu na wageni." Yote hayo yalikuwa kweli.

"Hayo nafanya. Wakishaachishwa ziwa, siku kuhara kunaanza, dawa unawapa lini?"

Verner aliwapa siku ileile, kabla hajanywa chai.

"Nasubiri."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Hiyo tatu ilitoka wapi, hata leo hajui. Ilikuja mdomoni, ikasikika vizuri, ikabaki.

"Hata wakilia?"

"Hata wakilia. Wengi hupona wenyewe."

Maiken akatoa kalamu, akaandika nyuma ya ile bahasha ya serikali: *Verner, siku 3.* Akambusu shavuni, akaondoka akipiga mluzi. Verner alibaki ameshika buti moja mkononi hadi Jytte akamuuliza kama anasubiri nyingine iote.

Vuli ikaingia na upepo wa magharibi. Kule mizoga ya wanyama huwekwa kando ya barabara chini ya kifuniko kikubwa cha plastiki, lori la mizoga lije liichukue. Kila mpita njia anaona. Verner akienda kununua mkate asubuhi, ilimbidi apite langoni kwa Maiken, na kila wiki kifuniko kile kilikuwa kimekaa upande, kimeinuliwa na vilivyo chini yake. Akaanza kununua mkate kijiji cha mbali, akisema ule wa karibu umekuwa mgumu.

Aase, daktari wa mifugo, alimkuta siku moja anaosha trekta. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, asiyezunguka mbuyu.

"Umemwambia nini Maiken?"

"Kwani nini?"

"Nimemwelekeza atibu mapema, chumba chenye ugonjwa tu, siku ya kwanza, na dozi ndogo ingetosha. Ananijibu Verner anasubiri tatu. Siku ya tatu, Verner! Siku ya tatu hakuna cha kutibu." Akajifuta mvua usoni. "Mimi najua unachotumia na najua banda lipi lina nini. Nilikwambia tangu mwezi wa pili upeleke ile karatasi. Lakini sichukui habari za zizi moja nikazipeleka la pili, sheria imenifunga mdomo. Wewe umefungwa na nini?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Wiki ijayo," akasema Verner, na neno lilipotoka alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na trekta.

Alikwenda kwa Maiken kweli. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza hakumkuta, akashukuru Mungu, kisha akajichukia kwa kushukuru. Mara ya pili alikuta fundi wa mabomba. Mara ya tatu alimkuta jikoni, amekonda, vidole vimepasuka kwa sabuni, na bahasha ile imebandikwa mlangoni kwa pini. *Verner, siku 3.*

"Wiki hii wamekufa ishirini na watatu," Maiken akamwambia, akijaribu kutabasamu. "Si vibaya sana. Lakini namba inashuka, Verner! Njoo uone, inashuka kweli!"

Ilishuka, ndiyo. Mfu hanywi dawa. Verner aliitazama namba ile kwenye skrini, akaona aliyoyafanya yamepangwa pale kwa tarakimu, akasema, "Si vibaya," akaenda zake. Njiani alisimamisha gari kando ya shamba la shayiri lililovunwa akalia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo haina pa kumwagwa.

Mwezi wa kumi na moja zamu ya kikundi ilifika kwa Maiken. Mikate, jibini, kahawa, wanane kuzunguka meza ya Laust. Maiken hakuweka namba ukutani. Alisimama, mikono nyuma.

"Sitawachosha," akasema. "Mnapitia hapo langoni, mmeona. Dawa zimeshuka na watoto wa nguruwe wamekwisha. Nimefanya kila kitu alichonifundisha Verner, yeye amefaulu, mimi nimeshindwa. Basi tatizo si njia, ni mkono. Baba alikuwa na mkono wa nguruwe, Verner anao, mimi sina. Ijumaa mtu wa kuuza mashamba anakuja kupiga picha nyumba."

Mmoja akakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Usiuze," Verner akasema.

"Verner, nashukuru, lakini..."

"Usiuze. Una mkono. Mimi ndiye sina." Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi sina chochote. Namba zangu ni za uongo."

Na hapo, hebu fikiria, wakatabasamu! Kwa huruma, kwa upendo. Holger akamwekea mkono begani. "Unamfariji mtoto wa rafiki yako, tunaelewa. Wewe na unyenyekevu wako!"

"Unyenyekevu gani, we Holger!" Verner akafoka, na watu ambao hawajamsikia akifoka tangu wamjue wakashtuka. "Mwaka mzima mnanibandika unyenyekevu kama plasta, na mimi nimeuacha ukae kwa sababu unafunika! Vaeni makoti. Wote. Twendeni kwangu."

Walikwenda kwa magari manne, mchana mweupe, mvua ya upande. Jytte alitoka barazani na taulo la sahani, akaona sura ya mumewe, akarudi ndani bila kuuliza. Mbele ya banda la zamani Holger akasita. "Hatujaoga, Verner. Tutakuletea maradhi."

"Mtamwambukiza nani?"

Akavuta mlango. Ndani palinuka vumbi na baridi. Palikuwa na ile sakafu iliyopasuka, viota vya mbayuwayu vya kiangazi, kamba ya Jytte ya kuanikia nguo, na katikati karavani jeupe lenye pazia za maua.

"Karibuni," Verner akasema. "Hawa ndio nguruwe wangu mia sita wenye afya. Rejista inawahesabu hadi leo. Sikuandika kwamba wameondoka. Nilichelewa, kisha nikaona inanifaa, nikanyamaza. Waliobaki wanakula dawa kuliko wenu nyote. Mngepiga hesabu ya kweli, kadi ya njano ningepata mimi kabla ya mtu yeyote hapa."

Holger akavua kofia, akakuna kichwa, akalizunguka karavani zima zima kama anayetafuta nguruwe chini yake. "Kumbe mwaka mzima tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema polepole. "Tena gunia lenyewe tupu."

Maiken hakulitazama karavani. Alikuwa anamtazama Verner tu.

"Na siku tatu?"

Hilo ndilo aliloliogopa. Rejista, wakaguzi, aibu ya kikundi, yote alikuwa ameshayameza njiani.

"Sisubiri hata moja," akasema. "Naanza siku ileile. Siku tatu niliitunga pale pale, kwenye chumba cha buti."

"Uliitunga."

"Niliona haya kukwambia kweli."

"Uliona haya." Maiken akatikisa kichwa taratibu, kama anayejifunza neno geni. Akatoa simu, akampigia Aase mbele yao wote. "Aase? Chumba cha nne na cha sita, wameanza leo asubuhi. Njoo sasa hivi. Ndiyo, leo. Ndiyo, najua leo ni siku ya kwanza." Akakata. Akamgeukia Holger: "Huyo mtu wa picha wa Ijumaa mwambie, wewe unamfahamu, asije." Kisha, bila kumtazama Verner: "Wewe kesho saa moja asubuhi uwe kwangu. Uje kuwatoa waliokufa."

Usiku ule hapana haja ya kuusimulia. Jytte alisema neno moja tu, "Uliniambia umeandika," kisha akazima taa. Asubuhi Verner aliandika ile karatasi kabla hajavaa soksi, nafasi mia sita, ondoeni, akaituma. Barua yake mwenyewe ya kadi ya njano ilikuja majira ya kuchipua, na aliibandika kwenye mlango wa chumba cha buti, upande wa nje.

Lakini asubuhi ileile, saa moja kasoro, alikuwa kwa Maiken. Akaoga. Kwenye rafu ya wageni palikuwa na buti jozi moja tu zinazomwenea, na ndani yake, kwa kalamu isiyofutika, L.K. Laust Kjeldgaard. Alizishika kidogo, akaomba msamaha kwa mtu asiyeweza kumjibu, akavaa.

Walikufa kumi na moja tangu jana, wa vyumba vilivyokuwa vimeshafika siku ya tatu. Aliwabeba wawili wawili, wepesi kuliko paka, akavuka uwanja hadi langoni, akainua kifuniko, akawalaza. Magari yalipita. Watu walikuwa wameshasikia. Huko habari haihitaji simu. Wengine walinyanyua mkono, wengine hawakunyanyua. Verner hakugeuza uso. Mara ya mwisho Maiken alikuja naye, ameshika mmoja, wakasimama pamoja kwenye mvua.

"Chumba cha nne wanakunywa," Maiken akasema. "Aase anasema watapona."

"Vizuri."

"Sikukuita kwa ubaya. Nilitaka uwabebe tu."

"Ni haki yako."

Maiken akamlaza yule wa mwisho, akamnyoosha miguu yake midogo kwa kidole.

"Nilikuwa nakaa nao, unajua? Siku ya kwanza wanalia. Siku ya pili wanalia, unatamani kuziba masikio. Siku ya tatu naingia, kimya. Na kila mara nilikuwa nasimama pale mlangoni, nashusha pumzi, najiambia: Verner alisema kweli, wamepona."

Akashusha kifuniko, akarudi ndani. Verner alibaki langoni ndani ya buti za Laust hadi lori lilipofika, akamsaidia dereva kupakia.